Mkono Mtupu Mbele ya Bodi ya Kaunti



Mtakumbuka kuwa mwezi wa Julai safu hii ilikosekana kwa majuma mawili. Nilikuwa safarini bara, Molo, katika Kaunti ya Nakuru, kumtazama binti wa marehemu dada yangu aliyeolewa huko. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari tukifika Molo twapata adabu. Mji ule uko juu kwenye nyanda za Mau, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni. Buibui pekee halisaidii kitu. Nilivishwa sweta mbili na soksi za sufi, nikaketishwa karibu na jiko, nikaletewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, maana viazi na kondoo ndiyo neema ya watu wa kule.

Lakini leo sikusudii kusimulia baridi. Usiku wa tatu, baada ya sala ya magharibi, simu ya binti ililia, naye akatoka nje kuipokea. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Nikamwuliza kulikoni.

"Mama mkubwa," akasema, "kaunti imetangaza nafasi za walimu wa chekechea. Yuko mtu asema anajuana na watu wa bodi. Ataka shilingi elfu arobaini: nusu kesho, nusu nikipata barua."

Binti huyu ana stashahada ya malezi na elimu ya watoto wadogo. Kwa miaka mitatu amekuwa akifundisha katika shule ndogo ya mtu binafsi kwa ujira usiotosha hata kununua unga wa mwezi. Yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kubaliana kuuza kondoo watatu ili kuipata hiyo nusu ya kwanza. Nikamwuliza, "Mwanangu, hiyo bodi ni ya watu wangapi? Huteuliwa na nani? Hufanya kazi vipi?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Sijui, mama mkubwa. Ni watu wa Nakuru."

Nami, wasomaji wangu, sikumcheka, kwa sababu nilipojiuliza maswali yale yale juu ya bodi ya kaunti yangu mwenyewe hapa pwani sikuwa na jibu bora. Asubuhi yake tulimwendea mzee mmoja wa ukoo wa mumewe, karani mstaafu wa serikali za mitaa, akatutolea miwani yake na nakala ya sheria. Tuliyojifunza barazani kwake ndiyo ninayowaletea leo, kwa kuwa yanahusu kaunti zote 47, kuanzia Lamu hadi Nakuru.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 235, imeipa kila kaunti jukumu la kuajiri watumishi wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaunda, kwa kila kaunti, Bodi ya Utumishi wa Umma. Bodi hiyo ina mwenyekiti, wajumbe wasiopungua watatu wala kuzidi watano, na katibu. Gavana huwateua, lakini hawawi wajumbe mpaka Bunge la Kaunti liwaidhinishe. Hutumikia kipindi kimoja cha miaka sita kisichorudiwa. Kuwaondoa kabla ya muda kunahitaji sababu zilizotajwa na Katiba na kura za asilimia 75 ya wajumbe wote wa Bunge la Kaunti. Mzee alitueleza hekima yake: gavana huchaguliwa kwa miaka mitano, mjumbe wa bodi hukaa sita, na hana muhula wa pili wa kuuombea. Sheria ilitaka mtu huyo awe na uti wa mgongo hata mbele ya aliyemteua.

Kazi za bodi hazina ngoma wala matarumbeta. Huanzisha na kufuta nafasi za kazi, hujaza nafasi zilizo wazi, huamua juu ya kupandishwa vyeo, husikiliza mashauri ya nidhamu, na kila mwaka huliandikia Bunge la Kaunti taarifa ya jinsi maadili ya utumishi yanavyofuatwa. Siku nyingi ni makaratasi tu: muuguzi anayengoja kupandishwa cheo, dereva aliyetoroka kazini, mwalimu anayeomba kuthibitishwa baada ya muda wa majaribio. Ndiyo maana magazeti hayaandiki habari zao ila pakitokea kashfa. Hata hivyo makaratasi hayo ndiyo yanayoamua nani atakupokea zahanati ukiwa na uchungu wa kuzaa, na nani atamshika mkono mwanao siku ya kwanza ya chekechea. Zahanati na hospitali za kaunti, elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini vyote vimo mikononi mwa kaunti. Mwanamke, kuliko mtu mwingine yeyote, huishi na matokeo ya kazi ya bodi hiyo.

Sasa tuangalie njia ambayo ombi la kazi lapaswa kupita, maana asiyeijua njia huuziwa njia.

Kwanza, nafasi ikiwa wazi, bodi hairuhusiwi kuijaza kimyakimya. Sheria yataka itangaze, tena kwa njia mbalimbali, ili tangazo liwafikie watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamewahi kuachwa nyuma. Pili, bodi yatakiwa kuweka kumbukumbu za maombi yote iliyoyapokea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nafasi ya kazi nayo ni mali ya umma. Basi ukipeleka ombi lako kwa mkono, hakikisha limeandikwa daftarini, nawe ubaki na nakala. Ukilipeleka kwa mtandao, hifadhi uthibitisho. Tatu, ajira ya kaunti haina nguvu mpaka iwe kwa maandishi. Ahadi ya simu si ajira, hata ikitolewa kwa sauti nzito.

Nne, na hili litawapunguzia wengi gharama: zamani mwombaji alitakiwa kuambatanisha cheti cha tabia njema, cha kodi, cha mkopo wa masomo na vinginevyo kabla hata hajaitwa. Vijana walikopa ili waombe kazi. Tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri hapaswi kudai vyeti hivyo vya uidhinishaji ila akiwa amekusudia kukupa mkataba wa kazi. Vyeti vya masomo ni jambo jingine, hivyo ni lazima uvionyeshe.

Tano ni la mavazi, ambalo nimeulizwa mara nyingi katika safu hii. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi, nayo inataja kwa majina dini, mavazi, ujauzito na hali ya ndoa. Ibara ya 32 yaongeza kuwa mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Kwa hiyo binti asivue hijabu yake mlangoni kwa kudhani atawaridhisha walio ndani. Wala aliye mjamzito asifiche mimba kwa khofu. Aingie kama alivyo, aulizwe juu ya kazi, naye ajibu juu ya kazi.

La sita lilinigusa zaidi kwa kuwa nililisoma nikiwa Molo. Sheria yaagiza kwamba walau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zijazwe na watu wasiotoka katika kabila lililo kubwa zaidi katika kaunti. Kwa mbali maneno haya huonekana kama hesabu tu. Lakini Molo imeonja moto wa chuki za kikabila mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wapo kina mama niliokaa nao wakanisimulia jinsi walivyolala nje na watoto, katika baridi ile niliyoikimbia mimi kwa sweta mbili. Jirani aliyekuwa akikopeshana nao chumvi aligeuka mtu wa kuogopwa. Huwezi kuifuta kumbukumbu kama hiyo kwa hotuba. Lakini mtoto wa jamii moja akifundishwa na mwalimu wa jamii nyingine, na bibi wa huku akihudumiwa na muuguzi wa kule, watu huanza tena kuzoeana. Bodi ikipuuza sharti hilo, haimwonei mwombaji mmoja peke yake, hurudisha kuni jikoni. Na sisi Waislamu tulio wachache katika kaunti nyingi za bara tuna haja na sharti hilo kama wengine wote walio wachache.

Baada ya somo hilo la barazani tulirudi kwenye shilingi elfu arobaini. Twazo methali mbili tunazozitamka bila kufikiri: penye udhia penyeza rupia, na mkono mtupu haulambwi. Tumezirithi kama tulivyorithi masufuria ya nyanya zetu, na si kila sufuria ya zamani yafaa kupikia leo. Sheria ya kupambana na hongo ya mwaka 2016 haimhukumu anayepokea pekee. Anayetoa naye ana hatia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka kumi. Juu ya sheria hiyo ya dunia, hakuna anayesoma safu hii asiyejua dini yetu inasemaje juu ya rushwa, mtoaji na mpokeaji.

Lakini nilimweleza binti jambo jingine, la hesabu tu. Ikiwa mtu yule kweli anaweza kuinunua kazi, basi ataiuza kwa mwenye bei kubwa zaidi, na huyo hatakuwa wewe mwenye kondoo watatu. Na ikiwa hawezi, ni tapeli. Kwa vyovyote vile wewe ndiwe unayepoteza. Na ukiipata kazi kwa njia hiyo, mshahara wa kila mwezi utaulisha nyumba yako kwa chakula unachokitilia shaka.

Mumewe, Mungu ampe kheri, aliyasikiliza yote akiwa kimya, kisha akasema, "Mama, kondoo hawauzwi." Binti akaipokea simu ya asubuhi ile na kumwambia mtu wake kuwa hana fedha. Mtu huyo, nawaambia kwa haki, hakuwa mfanyakazi wa ofisi yoyote. Ilidhihirika baadaye kuwa hata bodi hakuwahi kuiona. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amekwisha kumtumia shilingi elfu ishirini, mauzo ya viazi vya msimu mzima. Juma lililofuata nambari ile haikupatikana tena. Mama huyo hakwenda polisi kwa kuona haya, na haya hiyo ndiyo mtaji wa matapeli. Dada zangu, likikupata jambo kama hilo, piga ripoti polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, hata kama fedha hazitarudi. Aliyeibiwa akinyamaza, humwachia mwizi mlango wa jirani.

Na je, ukiona bodi yenyewe ndiyo iliyokudhulumu? Usirushe maneno sokoni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuandika na kuuliza, na ofisi ya umma yapaswa kukujibu katika muda wa siku 21. Usiporidhika na uamuzi wa bodi, waweza kukata rufaa kwa maandishi mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, katika siku 90 tangu uamuzi kutolewa. Lakini siku hazimngoji mwenye kunung'unika. Aliyedhulumiwa aandike mapema, atie tarehe, na abaki na nakala.

Wapo watakaoniambia, "Bibi, hayo ni ya vitabuni, kaunti zetu twazijua." Nami sikatai kuwa wapo wanaoipindisha sheria. Hata hivyo bodi isiyoulizwa swali na mtu yeyote hupotoka kwa wepesi zaidi kuliko ile inayojua kuwa kina mama wa wadi nzima wanaijua namba ya siku, wanazo nakala za maombi yao, na wanaye mwakilishi wa wadi wanayeweza kumtaka aiulize bodi maswali katika Bunge la Kaunti. Shura si neno la msikitini pekee.

Nimalize kwa habari ya binti. Aliandika ombi lake mwenyewe, akaenda Nakuru kulipeleka na kuhakikisha limepokelewa. Jina lake lilitokea katika orodha ya walioitwa kwa mahojiano. Aliingia na hijabu yake, akaulizwa angefanya nini na mtoto anayelia juma zima la kwanza akimtaka mamake, naye akajibu kwa yale aliyoyatenda miaka mitatu. Juma lililopita alinipigia simu kunijulisha kuwa hakupata, kwani walikuwapo waliomzidi alama. Nilimsikia amehuzunika, lakini hakuwa amevunjika. "Mama mkubwa," aliniambia, "sasa naijua njia. Wakitangaza tena nitaomba tena."

Kisha akaongeza kwamba kondoo wote watatu wangali zizini, na mmoja amezaa.

Mola atujaalie riziki ya halali, na awape wenye kuhukumu baina yetu khofu ya siku ambayo wao nao watahukumiwa. Tukutane juma lijalo, inshallah. Wassalaam.