Mwimbaji Asiyezaliwa



Jumapili iliyopita mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa, akanionyesha simu yake. Binti yake anakaa kwa shangazi yake huko Uingereza, naye yumo katika miaka miwili ya mwisho ya masomo ya sekondari. Ameleta habari kwamba shuleni wamepewa kazi ya kumtunga mwimbaji ambaye hayupo duniani, kisha wamtangaze kwa video mpaka watu watamani kumsikia. Tena anaomba bibi yake arekodiwe huku nyumbani akiimba wimbo wake wa kutwangia. Sauti itakuwa ya bibi, lakini atakayeonekana akifumbua kinywa ni msichana mwenzake wa shule.

Mama akaniuliza, "Karani, nilikubali mtoto aende mbali vile apate elimu. Sasa ndiyo wanamfundisha uwongo? Na sauti ya mama yangu itoke katika kinywa cha mtu mwingine?"

Swali hili si dogo. Nilimwambia nitamjibu hapa, maana wazazi wengine nao huenda wakaulizwa jambo kama hili.

Kwanza, mama, kazi hiyo ni kazi ya shule kweli. Huko Uingereza kuna somo la vyombo vya habari, ambalo wanafunzi hulifanyia mtihani wa mwisho wa sekondari. Asilimia 30 ya maksi za somo hilo hutoka katika kazi ambayo mwanafunzi huitengeneza kwa mikono yake. Namna moja ya kazi hiyo ni kumtangaza mwimbaji mpya wa kubuni: mwanafunzi hutengeneza video ya wimbo, na pamoja nayo kurasa za gazeti au tovuti ya mwimbaji huyo. Kabla ya yote huandika maelezo ya maneno kama 500, akieleza anataka kufanya nini, kwa njia gani, na kwa watu gani.

Hapo kwenye "watu gani" ndipo kazi inapoanza. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mvaaji. Vivyo hivyo binti yako sharti ajue kwanza anasema na nani: vijana wa mjini, au watu wazima wapendao nyimbo za zamani? Akishajua, ndipo amtafutie mwimbaji wake jina, mavazi, na namna ya muziki. Kisha atazame video za waimbaji wa kweli wa namna hiyo, aandike anachokiona: wapi kamera inakaribia uso, wapi inakaa mbali, picha zinabadilika upesi au polepole. Baada ya hapo huchora kila picha katika karatasi kabla ya kuipiga, na kuandika orodha: nani atakuja, siku gani, mahali gani, nguo ipi, na mvua ikinyesha watafanyaje. Asiyefanya hivyo hupoteza siku nzima akiwangoja watu. Mwishoni huwaonyesha wenzake, awaulize wameelewa nini. Wakielewa sivyo, hurudia.

Basi, je, ni uwongo? Nisikilize habari tatu.

Mwaka 1965, huko Marekani, watengenezaji wa mchezo wa televisheni walitoa tangazo gazetini wakitafuta vijana wanne wa kuigiza bendi ambayo haikuwapo. Bendi hiyo wakaiita The Monkees, na mchezo ukaanza kuonyeshwa Septemba 1966. Micky Dolenz, aliyepewa kiti cha mpiga ngoma, hakujua kupiga ngoma. Alikuwa mwigizaji, ikambidi ajifunze. Katika santuri zao mbili za kwanza sauti zilikuwa zao, lakini vyombo vilipigwa zaidi na watu wa kukodiwa. Habari ilipojulikana, watu waliwacheka sana. Vijana wale hawakukubali aibu hiyo. Wakadai wapige wenyewe, na mwaka 1967 wakatoa Headquarters, santuri yao ya tatu, ambayo sehemu kubwa waliipiga kwa mikono yao. Bendi ya kubuni ikawa bendi ya kweli.

Habari ya pili ni ya huzuni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walijulikana sana vijana wawili, Rob Pilatus na Fab Morvan, walioitwa Milli Vanilli. Walikuwa na sura nzuri na walicheza vizuri, lakini nyimbo ziliimbwa na watu wengine waliofichwa. Mwaka 1989, wakiwa jukwaani Marekani, sauti iliyorekodiwa ilikwama, ikawa inarudia maneno yale yale mbele ya watu. Hata hivyo Februari 1990 walipewa tuzo kubwa ya Grammy. Novemba mwaka huo huo kweli ikatoka hadharani, na tuzo ikafutwa. Walichekwa dunia nzima. Rob alifariki mwaka 1998, angali kijana. Nami huwafikiria pia wale waimbaji wenyewe, walioimba na watu wakapiga makofi kwa ajili ya wengine.

Habari ya tatu ni ya Gorillaz. Mwaka 1998 Waingereza wawili, mwanamuziki Damon Albarn na mchoraji Jamie Hewlett, walibuni bendi ya watu wanne wa kuchorwa. Santuri yao ya kwanza yenye jina hilo ilitoka 2001. Hakuna aliyedanganyika, maana kila mtu aliona kwamba ni michoro, na wanaopiga na kuimba wanajulikana. Watu wakafurahi tu.

Waonaje sasa, mama? Kubuni si kosa. Hata hadithi ya sungura na fisi ni ya kubuni, nasi tumelelewa nayo. Kosa ni kumficha mtu mwenye sauti na kumwambia msikilizaji kwamba yule anayemwona ndiye anayeimba.

Shule zenyewe zinalijua jambo hili. Mwanafunzi hutakiwa kutaja wazi kitu chochote kisichokuwa chake katika kazi yake, na watu waliomsaidia. Kwa hiyo mjibu binti yako kwa mambo matatu. La kwanza: bibi aulizwe mwenyewe kabla ya kurekodiwa, na aelezwe sauti yake itatumika wapi. Akikataa, basi. La pili: jina la bibi liandikwe katika kazi ile kwamba ndiye mwimbaji, na msichana yule atajwe kuwa mwigizaji. La tatu: kazi ikimalizika, bibi naye aonyeshwe.

Pia usiione elimu hiyo kuwa ya mchezo. Mtoto aliyetengeneza tangazo kwa mikono yake hadanganywi upesi na matangazo. Akiona katika simu dawa ya kuponya magonjwa yote au mkopo usio na masharti, atajiuliza: nani kaitengeneza picha hii, na anamtafuta nani? Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hutembezwa, basi yafaa watoto wetu wajue kuvitenganisha.

Jana jioni mama yule amenipasha habari. Bibi alipoulizwa alicheka sana, akakubali, ila ameweka sharti moja: huyo msichana ajifunze kushika mchi vizuri, asije akamwaibisha.

Haya, wasomaji, tuonane juma lijalo.