Walimu wa Kiingereza Sikonge, Wapeni Watoto Nafasi ya Kusema

Ndugu walimu, kazi yenu ni nzito. Darasa lina watoto 70, vitabu ni vya kugombania, na mtoto akishatoka shuleni hakisikii Kiingereza mpaka kesho yake. Hata hivyo, ukimya wa darasani unatudhuru kuliko hayo yote. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, na kipindi kizima aliyesema ni mwalimu peke yake.

Tatizo la Kiingereza ni la siku nyingi. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walichunguza Kiingereza shuleni kwetu wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Baadaye ukaja mradi wa kupeleka vitabu vya hadithi mashuleni. Vitabu ni neema, lakini kitabu hakimjibu mtoto, na lugha huja kwa kujibizana.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walipokwenda pwani na kurudi kwao Unyanyembe, Kiswahili walikipata njiani: kwa kudai posho, kuulizia maji, kubishana kambini. Hawakuwa na ubao wala daftari. Walikuwa na haja ya kusema, na haja hiyo ndiyo tunayopaswa kuiumba darasani.

Anzeni na mzinga wa nyuki. Watoto wengi wa Sikonge wanajua jinsi gome linavyobanduliwa mtini, mzinga unavyotundikwa, moshi unavyotumika na asali inavyorinwa. Waketisheni wawili wawili, migongo ikigusana. Mmoja aeleze kwa Kiingereza hatua kwa hatua, mwenzake achore anachosikia, bila kuchungulia. Kisha walinganishe. Mchoro ukikosa kamba au moshi, watabishana, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe. Hapo watoto 35 wanasema kwa wakati mmoja. Kelele itakuwepo, mwambieni mkuu wa shule mapema.

Mtoto akisema "Father use smoke," msimkatishe. Mjibuni, "Yes, he uses smoke. And then?" Amelisikia umbo sahihi na hadithi haikukatika. Makosa yanayojirudia yaandikeni pembeni, myasahihishe dakika tano za mwisho bila kumtaja aliyekosea. Mtoto aliyechekwa mara moja hunyamaza mwaka mzima.

Tumbaku nayo inafaa: anayejua kupanga majani kwa madaraja ana la kueleza kuhusu rangi, ukubwa na ubora, na maneno ya Kiingereza ya kulinganisha yatamtoka yenyewe.

Na hili nalisema kwa uchungu: kumchapa mtoto kwa kuwa amesema Kiswahili au Kinyamwezi uwanjani hakumfundishi Kiingereza. Kunamfundisha kufunga mdomo. Mwacheni kwanza apange mawazo kwa lugha yake, kisha ayatoe kwa Kiingereza.

Wakuu wa shule na Maafisa Elimu Kata, msimpime mwalimu kwa wingi wa maandishi kwenye madaftari. Ingieni darasani mwake msikilize ni nani anayesema.

Nanyi walimu, msingoje semina wala vitabu vipya. Katika kipindi chenu kijacho wekeni chaki chini robo saa, muwape watoto mzinga wauzungumzie.