Kasha la Bibi Lisiuzwe Kimyakimya



Sisi tunaoshona nguo za harusi huingia majumba mengi. Mkono unapima bega, jicho nalo linaona. Vyumba vilivyokuwa na kasha la msaji lenye misumari ya shaba, chetezo, mrashi wa fedha na sinia zito la shaba, vingi leo ni vitupu. Ukiuliza, jibu ni moja: alikuja mtu akanunua. Kwa kiasi gani, na pesa zikagawiwa vipi, wanawake wa nyumba hawajui.

Rai yetu ni hii: kitu cha kale alichoacha marehemu, kama hapana budi kiuzwe, basi kiuzwe kwa mnada, mbele ya warithi wote, wake kwa waume.

Kwanza ni dini. Suratun Nisaa, aya ya 7, imeweka wazi kuwa wanawake wana fungu lao katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Kasha limo. Yakishatolewa mazishi, madeni na wasia, kilichobaki ni cha warithi wote. Kaka akiliuza peke yake kwa mpita njia, ameuza na fungu la dada yake bila idhini.

Pili ni bei. Kitu cha kale hakina bei ya dukani. Thamani yake hujulikana wanapokutana wawili wanaokitaka. Ndiyo maana nyumba kubwa za minada za London, kama Sotheby's na Christie's zilizoanza karne ya 18, huonyesha vitu kwanza, huviandika kimoja kimoja pamoja na makisio ya bei, watu wakavikagua, ndipo nyundo ikapigwa. Anayekuja nyumbani na pesa mkononi akitaka jibu leo leo, anajua anachokikimbia.

Wala mnada si jambo la kigeni kwetu Waislamu. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli vya mtu masikini katika Ansari. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani ataongeza, vikaenda kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha watu wake, moja ya shoka akakate kuni. Alichokataza ni najshi, yaani mtu kupandisha bei naye hana nia ya kununua, ili mwenzake aingie mtegoni. Dalali anayepanga watu wake wataje bei za uongo, mnada wake hauna baraka.

Na wewe bi harusi unayetaka kununua, fungua macho. Makasha mengi ya zamani yaliletwa kutoka Surat na Bombay, na mafundi wa Unguja na Lamu wanatengeneza mapya mpaka leo. Jipya si aibu. Aibu ni jipya kuuzwa kwa jina la kale. Vuta droo, tazama ubao wa chini na wa nyuma, kwani mara nyingi rangi ya uzee hupakwa mbele tu. Chukua sumaku: shaba haivutwi, ikinasa basi ndani ni chuma. Na ukionyeshwa mkufu wa reale zenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, usidhani ni za mwaka huo. Reale hizo zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo baada ya malkia huyo kufariki. Halisi ina uzito wa gramu 28 hivi, na fedha yake ni kama sehemu 83 kwa 100. Mpelekee sonara aipime kabla hujatoa pesa.

Wapo watakaosema kuitana mnadani ndugu kwa ndugu ni kuvunja udugu. Sisi tunaona udugu huvunjwa na siri. Dada anayekuta kasha la mama yake dukani kwa watalii, na bei yake ni mara kumi ya aliyoambiwa, hatasahau.

Basi fanyeni hivi. Andikeni kila kitu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Waiteni wajuzi wawili wasio na maslahi wakadirie. Warithi watangulie kutaja bei. Anayelitaka kasha alichukue kwa bei ya juu kabisa, ikatwe kwenye fungu lake. Wasipolitaka, ndipo waitwe wa nje, na bei itajwe kwa sauti kila mtu asikie.

Na kama mama yu hai, kaeni naye wiki hii mlifungue kasha pamoja. Mwacheni aseme kila kitu kilitoka wapi, na nyinyi mwandike.