Msiisingizie Tufani

Liko neno moja ambalo watu hulisema kila mara mji unapopatwa na gharika, nalo ni hili: "Ni kazi ya Mungu, mwanadamu afanyeje?" Neno hilo lina sura ya unyenyekevu, na kwa sababu hiyo hupita kati ya watu bila kuulizwa litokako. Mimi nataka kuliuliza. Nasema ya kwamba mara nyingi neno hilo si unyenyekevu hata kidogo, bali ni shuka wanayojifunika watu walioiacha kazi yao nusu. Na ushahidi nautoa katika mji wa New Orleans, katika nchi ya Marekani, uliozama tarehe 29 Agosti 2005.

Huenda mtu akauliza, Mji ule wa mbali watuhusu nini? Namjibu kwamba tufani haichagui bahari. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini, ikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi, hata Pemba, iliyosalimika zaidi, ikatangulia katika zao la karafuu. Mwezi Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kikafika Mafia. Wazee wametuambia, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi na tumtazame mwenzetu aliyekwisha nyolewa.

Kwanza fahamuni jinsi mji ule ulivyokaa. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718 juu ya ukingo wa mto Mississippi. Ukingo ule umeinuka, maana mto wenyewe, kila ulipofurika, uliacha tope lake kando yake, mwaka kwa mwaka. Nyuma ya ukingo nchi hushuka, na zamani ilikuwa kinamasi chenye miti mikubwa mpaka ufuo wa ziwa Pontchartrain. Kwa muda mrefu watu wengi walijenga juu ya ukingo, nalo bonde wakayaachia maji. Lakini mwisho wa karne ya 19 walikusudia kulikausha bonde. Mwaka 1913 mhandisi wa mji, Albert Baldwin Wood, alibuni pampu kubwa mno zenye umbo la parafujo, zenye nguvu ya kuvuta maji mengi kwa wakati mdogo. Mifereji ikachimbwa, pampu zikavuma, kinamasi kikakauka, na watu wakajenga nyumba mahali palipokuwa pa vyura.

Kazi ile ilistahili sifa, kwa kuwa ilipunguza maradhi na kuwapa maelfu ya watu makao. Walakini ndani yake mlikuwa na hila ambayo wengi hawakuitambua. Udongo wa kinamasi ni kama sifongo: ukijaa maji hufura, ukikaushwa hunywea, na majani yaliyolala ndani yake tangu kale, yakifikiwa na hewa, huoza na kupotea. Basi pampu zilivyozidi kuvuta maji, ardhi ilizidi kushuka; na ardhi ilivyozidi kushuka, maji yalizidi kujikusanya, watu wakazidi kuongeza pampu. Leo karibu nusu ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka ni kadiri ya milimita 1,600, na sehemu kubwa ya maji yake haina njia ya kujiendea. Lazima yainuliwe kwa mitambo na kutupwa nje ya kuta. Mji umekuwa bakuli, na waliolifinyanga bakuli hilo ni watu.

Sasa tuje kwenye siku ya msiba. Tufani ile, iliyopewa jina la Katrina, ilikuwa kali, sikatai. Lakini ilipofika nchi kavu ilikuwa imepunguza nguvu zake, na kitovu chake kilipita mashariki ya mji. Watu waliobaki walipoona upepo unatulia walidhani wameokoka. Kumbe kuta za mifereji zilikuwa zimekwisha kuanguka. Matuta na kuta zilibomoka mahali kadiri ya 50 katika mji na viunga vyake. Kwenye mfereji uitwao 17th Street, na kwenye ule wa London Avenue, uchunguzi ulionyesha ya kuwa maji hayakuwa yamefika juu ya ukuta. Ukuta ulisukumwa ukaanguka kabla ya kufikiwa kimo kile ulichojengewa kukistahimili, kwa kuwa mbao za chuma zilizoushika hazikushindiliwa kina cha kutosha katika udongo ule laini. Ziwa likaingia mjini. Asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji, na siku 43 zikapita kabla maji hayajamalizika kuondolewa.

Nani aliyejenga kuta zile? Ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Nacho hakikukana: mwaka 2006 mkuu wake, Jenerali Carl Strock, alikiri mbele ya watu kwamba kuta zilikuwa na kosa katika ramani yake. Basi, ndugu zangu, ikiwa fundi mwenyewe amekiri, sisi tuna sababu gani ya kuendelea kumshitaki Mungu? Tena tazameni jambo hili. Waliopotewa na mali walikwenda hukumuni. Mwaka 2008 jaji aliwalaumu wahandisi kwa maneno makali, lakini akasema mikono yake imefungwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1928 inaikinga serikali isidaiwe hasara ya maji ya gharika. Hivi ndivyo neno "tufani" linavyomfaa mkubwa: akijenga vizuri, sifa ni yake, akijenga vibaya, lawama ni ya upepo.

Wengine walisema zaidi. Walisema mji ule uliadhibiwa kwa dhambi zake. Hao na wakumbuke mnara wa Siloamu, uliowaangukia watu 18. Bwana wetu aliwakataza wasikizi wake wasidhani kwamba wale 18 walikuwa waovu kuliko wenzao. Na kama ilikuwa adhabu, ilipiga watu gani? Karibu nusu ya waliokufa katika jimbo la Louisiana walikuwa wazee wa miaka 75 au zaidi. Amri ya kuwalazimisha watu wote watoke mjini ilitolewa siku moja tu kabla ya tufani, na makumi ya maelfu hawakuwa na motokaa. Mzee asiyeweza kutembea, mama asiye na nauli, hao ndio waliokutwa na maji darini. Adhabu gani hii inayompita mwenye gari na kumpata mwenye fimbo?

Msiba wa pili ulikuja baada ya maji kwisha, nao haukuwa na upepo wala mvua. Serikali ilitoa fedha za kuwasaidia wenye nyumba wajenge tena, kwa mpango ulioitwa Road Home, yaani Njia ya Kurudi Nyumbani. Lakini kipimo kilikuwa hivi: mtu atahesabiwa kwa bei ya nyumba yake kabla ya tufani, au kwa gharama ya kuitengeneza, yoyote iliyo ndogo. Haya, fikirini. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, mbao zile zile, misumari ile ile. Moja iko katika mtaa wa watu weusi, ambako bei za nyumba ni ndogo, na nyingine katika mtaa wa watu weupe, ambako bei ni kubwa. Je, fundi seremala atamwuzia mweusi msumari kwa bei ndogo kwa sababu mtaa wake hautafutwi? Walinung'unika, wakashitaki mwaka 2008, na mwaka 2011 mashitaka yakamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 62. Lakini miaka sita ilikuwa imekwisha pita, na asiye na paa hangojei miaka sita. Wengine walinyimwa msaada kwa kuwa nyumba ilikuwa ya babu, ikarithiwa kwa mdomo, wala hapakuwa na hati yenye jina la aliyeikaa. Jambo hili sisi wa vijijini twalijua sana, na afadhali kila mwenye shamba la urithi alitafakari kabla ya siku ya shida. Mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 484,674. Mwaka 2020 walihesabiwa 383,997. Wengi waliotaka kurudi hawakurudi.

Sasa wapo wasemao, Hayo yamekwisha. Kuta mpya zimejengwa. Kweli zimejengwa. Serikali imetumia kadiri ya dola bilioni 14 na nusu kwa matuta, malango na pampu mpya. Na tufani Ida ilipokuja tarehe 29 Agosti 2021, siku ile ile baada ya miaka 16, kuta zilisimama imara. Nawapa heshima yao waliozijenga. Lakini msilale usingizi. Njia zote nane zilizopitisha umeme mkubwa mjini zilikatika, na wazee kadhaa walikufa kwa joto vyumbani mwao, ukuta ukiwa mzima. Tena ukuta huzuia maji ya bahari. Hauna dawa ya maji ya mbinguni. Tarehe 5 Agosti 2017 hapakuwa na tufani yoyote, ilikuwa mvua ya saa chache tu, na mitaa ikafurika. Kwanza watu waliambiwa ya kwamba pampu zote zinafanya kazi. Baadaye ikajulikana kwamba nyingi zilikuwa zimesimama. Uongo ule ulikuwa mbaya kuliko pampu mbovu, kwani pampu hutengenezwa kwa spana, bali imani ya watu haina spana.

Basi nasema hivi: mji utegemeao ukuta na pampu peke yake umetegemea mguu mmoja. Wazee husema, mwenye nguvu mpishe. Maji ni mwenye nguvu, na kumpisha ni kumpa mahali pa kukaa mpaka hasira yake iishe. Zamani kinamasi kilikuwa ndicho mahali pake, nacho kilikuwa ngao ya mji mbele ya bahari. Serikali ikachimba mfereji mpana wa merikebu, uliokwisha mwaka 1968, ili kufupisha safari ya bandarini. Merikebu zilizopita zilikuwa chache kuliko zilivyotazamiwa, lakini maji ya chumvi hayakukosa kupita, yakaua miti ya kinamasi. Mfereji ule ulifungwa kwa mawe mwaka 2009, baada ya mji kuzama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliuchimba ufa kwa fedha zao.

Mwaka 2013 wataalamu, wakisaidiwa na Waholanzi wanaoyajua maji tangu zamani, walitoa shauri la kupanua mifereji, kuacha mabwawa na bustani za kupokea mvua, na kuyaachia maji yanywe ardhini polepole, ili udongo usizidi kunywea. Shauri hili ni jema. Lakini liwe na haki. Mwezi Januari 2006 magazeti ya mji yalikuwa yamechapa ramani yenye madoa ya kijani, ikionyesha mitaa ya chini ambayo ingeweza kufanywa viwanja vya wazi. Na wenye mitaa ile, wakiwa bado uhamishoni, waliyaona makao yao yamefunikwa na doa kabla hawajaulizwa neno. Walikataa, na mimi siwalaumu. Atakaye kuyapa maji mahali asianze kwa kiwanja cha maskini asiyekuwapo.

Aanze kama walivyoanza Masista wa Mtakatifu Yosefu. Walikuwa na nyumba yao mtaa wa Gentilly, katika kiwanja cha ekari 25. Mwaka 2005 maji yaliiingia. Mwaka 2006 radi ikaiteketeza. Wangaliweza kukiuza kiwanja kwa bei nzuri. Hawakukiuza, waliupangisha mji kwa dola moja kwa mwaka, ili pawe mahali pa kupokea maji ya mvua ya mtaa mzima na kuwafundisha watu jinsi ya kukaa nayo. Bwawa lililopangwa hapo laweza kupokea kadiri ya lita milioni 38. Mwaka 2016 serikali kuu iliahidi dola milioni 141 kwa kazi za namna hii katika mtaa ule. Na baada ya ahadi? Miaka ikapita katika makaratasi. Masista walitoa ardhi yao mara moja. Wenye afisi walishindwa kutoa majembe yao upesi.

Kwa hiyo, wasomaji, siku mtakaposikia mji wowote wa pwani umezama, msiseme upesi, Ni tufani. Ulizeni mambo manne: Nani aliujenga ukuta, na nani aliupima? Mahali pa maji pamejengwa nini, na kwa ruhusa ya nani? Mitambo ilikuwa mizima, na walioulizwa walisema kweli? Na fedha za kurudisha watu makwao zilipimwa kwa hitaji la mtu, au kwa bei ya mtaa wake? Mkipata majibu ya hayo manne, mtajua ni sehemu gani ya msiba ilitoka baharini na ni sehemu gani ilitoka mezani kwa watu. Ile ya baharini tuivumilie na kusaidiana. Ile ya mezani tusiivumilie kamwe.