Seti za kuinulia pikapu: Ngara na Biharamulo wanunuzi wanataka kubeba, si kurefuka

Wenye mitaji midogo wanaotafuta bidhaa mpya ya kuweka dukani wameanza kuzitazama seti za kuinulia pikapu, yaani springi, shokapu na vifaa vyake vinavyouzwa pamoja ili gari lisimame juu kuliko lilivyotoka kiwandani. Safu hii inaona kwamba katika wilaya za Ngara na Biharamulo soko la bidhaa hiyo lipo. Hata hivyo, silo soko linaloonyeshwa katika picha za matangazo ya watengenezaji wa nje, na mfanyabiashara atakayeagiza mzigo kwa kufuata picha hizo atakaa nao rafu nzima.

Tuanze na mteja. Barabara kuu inayotoka Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo ni ya malori, na mwenye lori hahitaji seti hizi. Mteja wetu yuko pembeni: ni yule anayetoa ndizi, maharage na kahawa Rulenge, Bugarama, Murusagamba au Ntobeye, ama anayeshusha saruji na mabati Kalenge, Runazi na Nyabusozi. Mvua zikinyesha, barabara hizo huchimbika mifereji miwili ya matairi na katikati hubaki tuta. Pikapu iliyobebeshwa mzigo hukaa juu ya tuta hilo kwa tumbo, magurudumu yakizunguka hewani. Mteja huyu hatafuti sura ya gari. Anachotaka ni kwamba akipakia tani moja nyuma, gari lisichuchumae.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapowapoteza wateja, pengine bila kujua. Springi ndefu huinua chesisi na bodi. Haziinui difu ya nyuma, kwa kuwa difu imo ndani ya ekseli na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nalo kwa nusu tu ya ongezeko lake: tairi likizidi milimita 50 kwa kipenyo, difu hupanda milimita 25. Mteja aliyeuziwa seti kwa ahadi kwamba difu haitagusa tena jiwe atarudi dukani kwa hasira, na atakuwa na haki.

Aidha, pikapu si za aina moja. Toyota Hilux za zamani za magurudumu manne, zile za ekseli nzima mbele, zina springi za mabamba mbele na nyuma. Ukiongeza upinde wa bamba kwa milimita 50, gari hupanda milimita 50, basi. Hilux zilizofuata, za miaka ya mwisho ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, nyingi zina vyuma vya tosheni mbele. Hizi ndizo zimeleta balaa kubwa katika gereji, kwa sababu fundi anaweza kuliinua gari mbele bila kununua chochote, kwa kukaza bolti mbili tu. Mwenye gari hufurahi siku hiyo. Baadaye boljointi huchakaa, sivijointi hugongagonga zikikata kona, na matairi huliwa upande mmoja. Hilux za kuanzia 2005 zina koili iliyozunguka shokapu mbele, na kwa jinsi mikono ilivyopangwa, spesa ya milimita 25 juu ya shokapu huinua gari karibu milimita 50 kwenye gurudumu. Land Cruiser pikapu nayo ilibadilika mwaka 1999: mbele ikapewa koili, nyuma ikabaki na mabamba.

Kwa hiyo anayesema "nina seti za Hilux" hajasema kitu. Ni Hilux gani, ya mwaka gani, inabeba nini?

Maoni yetu ni kwamba milimita 40 hadi 50 zinatosha kwa kazi za wilaya hizi mbili. Zaidi ya hapo gharama hupanda haraka kuliko gari. Shokapu za kiwandani huwa fupi na kufika mwisho wa mwendo wake. Paipu za breki za mpira huvutika. Propela hukaa kwa pembe kali na kuanza kutetemeka. Kila kimoja kina dawa yake, lakini kila dawa ni kifaa kingine cha kuagiza, na fundi wa Ngara Mjini au Biharamulo Mjini hatakuwa nacho siku kitakapovunjika.

Liko jambo moja ambalo kwa maoni yetu linapaswa kuandikwa kwenye kila risiti. Hilux nyingi zina valvu ya breki za nyuma inayosoma uzito. Kuna chuma kutoka kwenye chesisi hadi ekseli. Mzigo ukiongezeka nyuma hushuka, chuma husukumwa, na valvu huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma kwa springi mpya bila kurekebisha chuma hicho, valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa na tani moja. Breki za mbele hubeba kazi karibu yote. Sasa lichukue gari hilo, lijaze ndizi, weka watu watano juu ya ndizi kama desturi ilivyo (sheria inakataza, lakini tunaandika yanayofanyika), uliteremshe katika milima ya Ngara siku ya utelezi. Uzito umepandishwa juu, na breki za nyuma zimelala. Kibao cha kurekebisha valvu hiyo ni kipande cha chuma chenye matundu mawili ambacho mchomeleaji yeyote anaweza kukitengeneza kwa nusu saa. Muuzaji anayetoa seti bila kibao hicho anauza nusu ya bidhaa, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoua.

Tugeukie hesabu za stoo. Chukua aina nne za pikapu zinazoonekana zaidi na uzito wa aina tatu: gari linalotembea tupu, linalobeba wastani, na linalobebeshwa kila siku. Hizo tayari ni seti za aina 12. Ukiweka mbili mbili, una seti 24 ambazo nyingi zitalala. Zimelipiwa kwa dola, zimetozwa ushuru na VAT bandarini Dar es Salaam, kisha zimesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kufika kwako. Ni chuma kizito, na nauli yake inakwenda kwa kilo.

Mpakani kuna jambo la ziada. Rwanda na Burundi huendesha kulia, na huko zipo pikapu zenye usukani kushoto. Springi za koili katika baadhi ya seti hutofautiana kidogo urefu, kushoto na kulia, ili kufidia uzito wa dereva na tangi la mafuta. Anayelenga wateja wa kuvuka Rusumo au Kabanga asichanganye pande hizo, la sivyo gari litainama.

Kwa nini basi tunasema soko lipo? Kwa sababu sehemu kubwa ya thamani ya kazi hii haiko katika kuagiza, bali katika kupima. Kampuni za Australia zinazotajwa sana leo katika biashara hii hazikuanza na michezo ya wikendi. Dobinsons ilianza miaka ya 1950 kama karakana ya springi mjini Rockhampton, Queensland, nchi ya ng'ombe na migodi. Waliona springi zilizovunjika wakaanza kuzitengeneza upya kwa mizigo ya wenyeji wao. Hapa kwetu Arusha imefanya jambo la jamaa hiyo: kampuni kama Hanspaul zimechukua Land Cruiser zilizotoka kiwandani kwa kazi nyingine na kuziundia bodi za watalii. Ujuzi wa kulibadili gari lifae njia ya Tanzania upo nchini, ila haujafika Biharamulo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine za ajabu. Fundi apime kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa gadi gari likiwa tupu, kisha apange mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 juu ya ekseli ya nyuma na kupima tena. Ikiwa nyuma imeshuka milimita 80, springi mbili kwa pamoja zinahitaji kilo 6.25 kushuka milimita moja. Ikiwa mteja anataka kilo 1,000 zisishushe zaidi ya milimita 100, anahitaji kilo 10 kwa milimita. Springi ngumu hivyo itamrusha akirudi tupu, ndiyo maana jawabu huwa bamba nene la chini ambalo halishiki kazi mpaka mzigo uwekwe. Fundi mwenye daftari la vipimo 30 vya namna hii ana mali kuliko mwenye kontena.

Tahadhari ni moja kuhusu chuma chenyewe. Fundi anayepasha bamba la zamani kwa mkaa mpaka liwe jekundu, akalipinda na kuliacha lipoe, ameondoa ugumu uliotiwa kiwandani. Litasimama wiki chache, kisha litalala au litakatika. Bamba lazima lipozwe katika mafuta na kupashwa tena kwa kipimo. Asiye na tanuri la kufanya hivyo anunue mabamba yaliyokamilika, yeye abaki na kazi ya kuyapanga, vibao, bushi na yubolti. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii, na mlango wake unafaa kubishwa kabla ya mlango wa benki.

Wapo watakaosema mteja mkubwa ni migodi. Serikali ilitia saini mkataba wa nikeli ya Kabanga Januari 2021 na kupata asilimia 16 ya hisa katika Tembo Nickel. Biharamulo kuna STAMIGOLD iliyorithi mgodi wa Tulawaka. Ni kweli migodi hutumia pikapu nyingi, lakini hununua kwa zabuni, hulipa kwa muda wake, na huwa na wagavi wake tangu gari linapoagizwa. Ngara inalijua somo la mteja mmoja mkubwa. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, mashirika yakaja na magari yake, na gereji zikapata kazi. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao. Aliyekuwa amejaza stoo kwa ajili ya kambi alibaki nayo.

Kuhusu bima tuseme kwa ufupi: mwenye bima kubwa aijulishe kampuni yake kwa maandishi kabla gari halijainuliwa, na muuzaji amkumbushe.

Kwa mwenye kutaka kuingia sasa, ushauri wetu ni kuanza na aina mbili tu, Hilux ya kuanzia 2005 na Land Cruiser ya mabamba nyuma, zote za uzito wa kubeba kila siku, seti zisizidi 10 kwa jumla, pamoja na shokapu ndefu, kibao cha valvu na bushi za akiba. Seti mbili za kwanza afungiwe mchukuzi wa ndizi wa Rulenge kwa bei ya gharama, kwa sharti kwamba gari lirudi gereji kila baada ya wiki nne kupimwa upya, masika nzima.