MJI WA ZIWA, WATOTO BARABARANI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mkipata jarida hili hukimbilia kwanza ukurasa wa vichekesho na vitendawili, halafu mashairi, na makala kama hii mnaiachia siku ya mvua. Leo naomba unipe dakika chache tu. Swali langu ni fupi: mzazi wa hapa Naivasha mwenye watoto wawili au watatu, Jumapili alasiri, awapeleke wapi wakacheze?

Usicheke. Najua utasema, "Aa, Naivasha! Mji wa watalii huo!" Kweli kabisa. Wageni hutoka Nairobi, hutoka Ulaya na Marekani, wakaja kutuona. Tuna ziwa la maji baridi, yasiyo na chumvi, lililo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, nalo hulishwa na mto Malewa na mto Gilgil. Upande wa kusini umesimama mlima Longonot, mita 2,776. Upande wa machweo kuna Mau, upande wa macheo kuna Kinangop na Nyandarua. Mwaka 1995 ziwa letu liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mambo haya tunayakariri katika somo la Jiografia na alama tunapata. Lakini kukariri ziwa ni jambo moja, na mtoto kuligusa ni jambo lingine.

Wacha niwape kisa kimoja.

Mamangu hufanya kazi katika shamba la maua. Wenzangu wengi wanaosoma hapa wanajua maisha hayo. Mwezi wa Februari, maua ya siku ya wapendanao yanapotakiwa ng'ambo, mama hutoka alfajiri na kurudi sisi tumeshalala. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili. Basi Jumapili moja mwaka jana akasema, leo tutaenda ziwani, watoto wakacheze. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, hakulala usiku ule. Alikuwa ameona picha ya bembea katika kitabu chake cha shule ya chekechea akataka kujua bembea hukaa vipi mtu akiwa juu yake.

Tulipanda matatu, tukashuka barabara ya kusini mwa ziwa. Wewe unayeijua barabara hiyo unajua ninachotaka kusema. Upande huu seng'enge, upande ule ua wa michongoma na nyaya za umeme. Ziwa unalisikia kwa harufu na kwa sauti za furukombe, lakini kuliona hulioni. Tukatembea mpaka kwenye lango la hoteli moja. Ndani, kwa mbali, bembea tuliziona kwa macho yetu, zimepakwa rangi nyekundu na njano, na hakuna mtoto hata mmoja juu yake.

Bawabu alikuwa mtu mpole. Akasema, "Mama, hapa ni kulipa kwanza. Mtu mzima mia tano, mtoto mia tatu. Chakula ni kando." Tulikuwa watu wanne. Mama akasema, "Kijana wangu, sisi tunataka hawa wabembee kidogo tu, kisha tuende." Yule bawabu akatazama chini. "Pole mama. Mimi ni mwajiriwa tu."

Basi tukarudi. Mama alitununulia mahindi ya kuchoma njiani akajifanya amefurahi. Mimi sikusema kitu. Nisieleweke vibaya: mwenye hoteli ameweka pesa zake na ana haki ya kutoza. Simlaumu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini bembea zote nilizozijua katika mji wetu ziko nyuma ya lango la kulipia?

Wiki tatu baadaye kitinda mimba wetu alikuwa anacheza mpira wa makaratasi na wenzake pale wanapochezea kila siku, yaani barabarani. Mpira ukavuka, naye akaufuata. Bodaboda ikamgonga. Namshukuru Mungu hatukumzika. Alivunjika mguu wa kushoto, akafungwa plasta, na mama akakosa kazi siku kadhaa bila malipo. Majirani walisema, "Watoto wa siku hizi hawasikii." Mimi nikajiuliza, walitaka asikie nini? Asicheze? Mtoto wa miaka mitano akae nyumba ya chumba kimoja kutoka asubuhi hadi jioni akitazama ukuta?

Zamani, wazazi wetu wanasimulia, kila mtaa ulikuwa na mahali pa wazi. Hapo ndipo walichezea kati, bano, brikicho na kuruka kamba, na wadogo wakapika kalongolongo kwa matope. Siku hizi pale pa wazi pamejengwa ploti za kukodisha au pamegeuka kituo cha bodaboda. Na pale palipobaki karibu na ziwa, ziwa lenyewe limepachukua. Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia nyumba za mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 yakarudi tena, familia nyingi zikahama. Viboko walionekana wakitembea palipokuwa na milango ya watu.

Hapa ndipo baadhi ya wenzangu hunipinga. Tulipojadili jambo hili chamani, mmoja alisimama akasema eti viwanja vya watoto ni anasa, kwanza tupewe maji ya mfereji na barabara za lami. Wengi walimpigia makofi. Nami namheshimu, maana maji ni uhai. Lakini hebu tufikirie. Mguu wa ndugu yangu ulitugharimu pesa nyingi kuliko maji ya miezi mingi. Tena sheria yenyewe haikusema mchezo ni anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1990. Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inaitambua haki hiyo hiyo. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imehesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma. Ardhi ya umma, jamani! Maana yake wewe na mimi na yule mtoto wa Karagita.

Kabla sijafika kwenye pendekezo langu, nitasema ninayoyajua kwa wale wanaotaka kuwatoa wadogo zao likizo hii. Nimeulizia na nyingine nimezitembelea.

Mahali ninapopapenda mimi ni mbuga ya Hell's Gate. Si bure, lakini ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambazo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli bila gari. Baiskeli hukodishwa kule njia panda. Ukishapita lango la Elsa, unakuta nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, na hapo kuna pimbi. Watoto wanaweza kukaa saa nzima wakiwatazama pimbi tu. Pundamilia na swala utawaona kando ya njia. Lakini lile korongo la ndani msiwapeleke watoto, hasa kukiwa na wingu popote. Mvua ikinyesha mbali juu, maji huteremka kwa ghafla na korongo halina pa kukimbilia. Watu walikufa humo mwaka 2012, wakafa tena mwaka 2019.

Longonot si ya watoto wadogo. Kutoka langoni mpaka ukingoni ni kilomita tatu hivi za kupanda, na kuzunguka kasoko ni zaidi ya saba. Mwenye umri wetu atafika. Wa miaka mitano utambeba mgongoni, na utanikumbuka.

Fukwe za umma za Karagita na Kamere zipo, na kule unaweza kuona mashua za wavuvi na kula samaki moto moto. Lakini si viwanja vya watoto. Hakuna bembea, hakuna ua wa kuzuia mtoto asiingie majini, na kiboko hamjui mtoto wala mzee. Mwaka 2018 kiboko alimuua mtalii kandokando ya ziwa hili hili. Jua likianza kushuka, viboko hutoka kula nyasi, kwa hiyo mapema urudi nyumbani.

Kwa hivyo mzazi ana mbuga ya kulipia, hoteli ya kulipia, mlima wa kuchosha na ufuko wa hatari. Tulipoenda Nakuru kwa safari ya shule niliona bustani ya Nyayo katikati ya mji. Familia zimeketi nyasini, watoto wanakimbizana, mpiga picha anazunguka na kamera yake. Si pahali pa ajabu. Ni nyasi, miti na watu. Nikasema moyoni, kumbe kitu chenyewe ni hiki tu!

Sasa pendekezo. Mimi siombi serikali ya kaunti ituletee mashine za kubembea kutoka ng'ambo, ingawa wakileta sitakataa. Ninaloomba liko karibu zaidi. Kila mtaa wa mji huu una shule ya msingi, na shule ya msingi ina uwanja. Jumamosi na Jumapili viwanja vile hufungwa kwa kufuli, na watoto wale wale wanaosoma humo siku tano hucheza barabarani siku mbili. Nimesimama nje ya lango la namna hiyo Jumapili nikaona nyasi zimetulia, na nyuma yangu watoto wanaruka kamba katikati ya pikipiki. Kwa nini viwanja hivyo visifunguliwe wikendi, tuseme kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni?

Mwalimu wetu mmoja, ambaye nilimwonyesha makala haya kabla hayajachapishwa, aliniuliza maswali mawili ambayo ni lazima niyajibu. La kwanza: vioo vya madirisha vikivunjwa, nani atalipa? La pili: mtoto akiumia, nani atalaumiwa? Nilikaa nayo siku mbili. Jibu langu ni kwamba mzazi aje pamoja na mtoto, na asiye na mzazi asiingie, na mitaa ipange zamu kama vile akina mama wanavyopanga zamu za chama cha kuweka pesa. Mpira wa miguu wa wakubwa usiruhusiwe, kwa maana wakubwa wakiingia wadogo hufukuzwa. Kuhusu lawama, mwalimu, sijui kama nimekuridhisha. Lakini mtoto anaumia sasa hivi, barabarani, na hakuna anayelaumiwa isipokuwa yeye mwenyewe.

Bembea nazo si jambo gumu. Magurudumu makuukuu yamejaa pale kwa mafundi wa matatu, wengine huyachoma. Gurudumu moja, kamba imara, na tawi la mti lisilokuwa limeoza. Chama chetu cha Kiswahili kina wanachama wengi na, samahani wenzangu, mara nyingi tunamaliza Alhamisi kwa kubishana juu ya ngeli. Tunaweza kuandika barua moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani yetu, kwa Kiswahili sanifu, tuombe lango lifunguliwe Jumamosi moja kwa majaribio. Sisi wenyewe tutalinda zamu ya kwanza.

Barua nimeshaianza. Anayetaka kuitia sahihi anione Alhamisi baada ya michezo, katika darasa lililo kando ya maktaba. Ndugu yangu plasta imetolewa, anachechemea kidogo, na bado anauliza bembea hukaa vipi.