Msanii wa mtaani, acha kushindana na simu

Wadau, kuna kijana mmoja, jina tunalihifadhi, anapiga gitaa senta ya Rwamgasa, kule Geita kwa wachimbaji wadogo. Sauti anayo, vidole anavyo, na anapiga ngoma zote zinazotamba mjini. Lakini kopo lake halijai. Washkaji zake wameshahitimisha kwamba wachimbaji hawajui muziki. Mimi hapo nakataa kabisa.

Tujiulize kwanza: hizo ngoma zinazotamba, mchimbaji hajazisikia? Bodaboda anazo. Kibanda cha kuchaji simu kinazo. Baa inazo, tena kwa spika linalotikisa mabati, na kwa sauti ya aliyeziimba mwenyewe. Sasa wewe na gitaa lako moja unampigia mtu kitu alichonacho mfukoni, tena hafifu kuliko alichonacho, halafu unataka akuachie jero. Kwa lipi?

Tena ukanda ule hili somo ni la zamani. Wagika na Wagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma yaliyoanza karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukimchosha mtazamaji, anavuka kwenda kwa mpinzani wako huku unamwona. Ndiyo maana wacheza ngoma wa Usukumani wakaleta mpaka nyoka na nungunungu uwanjani. Mwezi wa sita nenda Bujora, nje kidogo ya Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo, ukajionee. Pale ukishindwa, unarudi nyumbani kujipanga upya. Kumlaumu mtazamaji hakukurudishii watu.

Kuna atakayesema basi dogo apige nyimbo za Kisukuma tu, mambo yaishe. Hapana, si rahisi hivyo. Dhahabu imewaita watu wa kila kona: kuna Msukuma, Mzinza, Muha, Mhaya, Mkurya. Ukichagua wimbo kwa kabila, unabahatisha. Chagua kwa saa.

Asubuhi makarasha yanasaga mawe, hata tarumbeta halisikiki. Pumzisha koo. Mchana watu wako kwa mama ntilie, vumbi mpaka kwenye kope, wengine wametoka duarani na hawajui mawe yao yatatoa nini. Mtu wa namna hiyo hana hamu ya kuambiwa arushe mikono juu. Mpe kitu cha taratibu chenye maneno. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe ni ya zamani kuliko wengi wa wanaokula pale, maana mwenyewe alifariki 1979, lakini anayesubiri mgao hahitaji kutafsiriwa wimbo ule. Jioni, mzigo ukishauzwa na hela ikiwa mkononi, hapo sasa changamsha. Na siku duara likifukia watu, funga gitaa lako uende msibani kama wengine. Hela ya siku hiyo usiitamani.

Halafu kuna msikilizaji ambaye wasanii wengi wa mtaani hawamwoni kabisa: huyo huyo mama ntilie. Mchimbaji anakula, anaondoka. Mama anakusikiliza kuanzia chai mpaka masufuria yaoshwe, na ndiye mwenye kivuli unachokaa. Wewe unapiga nyimbo 3 mfululizo za kusema wanawake wanapenda hela, mbele ya mtu aliyeamka alfajiri kuwasha moto ili alipe ada ya mtoto. Kesho akikwambia sogea, unafukuza wateja, usiseme ana roho mbaya.

Najua wenye msimamo watasema kumfuata msikilizaji ni kujiuza. Sikubali. Kujiuza ni kumwambia mtu usichokiamini ili akupe hela. Kumsoma mtu kabla hujamwimbia ni heshima, hata mtoa hotuba msibani anafanya hivyo. Na wimbo wako mwenyewe una nafasi yake: anza na viwili wanavyovijua, wakishageuza shingo, leta wa kwako. Uwe na jambo la pale pale: bei ya maji, kamba iliyochakaa, jamaa aliyeaga kwao miaka 4 iliyopita akisema anakuja wiki 2. Simu haiwezi kumwimbia hilo. Wewe unaweza, na hicho ndicho cha kulipiwa.

Dogo ana kipaji, na mimi nisingependa auze gitaa kwa sababu ameambiwa watu wa machimbo hawana masikio. Masikio wanayo. Tatizo ni anachowapa na saa anayowapa.

Wewe ungekuwa senta ya Rwamgasa saa 7 mchana, ungeanza na wimbo gani? Tiririka hapo chini.